Dakika Sita Chini ya Mlima Hesten

Breivoll,
21 Novemba

Kaka yangu mpenzi Torgeir,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi Gunnhild pamoja na watoto. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba kikohozi cha mdogo kimeisha. Mimi mwili ni mzima. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, kwa sababu kwenye simu wewe hunikatiza, na nikikatizwa nitapata pa kukimbilia.

Habari za Mama kwanza. Juzi aliketi mwenyewe ukingoni mwa kitanda, na anakula kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia bado. Maneno yanamtoka moja moja, taratibu, kama mtu anayechambua miiba ya samaki mdomoni. Jana alimwambia muuguzi kwamba kahawa ya hospitali ni maji, na muuguzi akafurahi kupita kiasi.

Waraka wako wa malalamiko nimeusoma mara tatu. Umeandika kwamba rubani Sjur alikuwa umbali wa dakika nne tu kutoka kwa mama yetu, akageuza helikopta kwa woga. Hapa kijijini nako wanasema hivyo hivyo. Jumamosi Sjur alikuja kwa wakwe zake, akapita dukani kununua maziwa. Mzee Reidulf akamwuliza mbele ya watu, “Vipi rubani, upepo wa friji haujakuzuia leo?” Watu wakacheka. Sjur akalipa, akasema, “Leo nimebahatika, mzee,” akatoka. Mimi nilikuwa nyuma ya rafu ya kahawa. Sikutoka mpaka nilipolisikia gari lake linaondoka.

Kazi iliyonirudisha nyumbani tangu Septemba unaijua kijuujuu tu, kwa hiyo ngoja nikueleze. Tunarusha droni tatu chini ya mlima Hesten, juu ya uwanja wa mpira ambako helikopta ya wagonjwa hutua. Moja husimama mita hamsini juu, ya pili mita mia, ya tatu mita mia mbili. Upepo ukiisukuma droni, yenyewe huinama kuupinga ili isihame mahali pake, na kwa jinsi inavyoinama tunajua upepo una nguvu kiasi gani na unatoka wapi. Tunachotafuta hasa ni ile hewa inayoruka mlima na kuanguka upande wa pili ikijikunja, ambayo macho hayaioni. Bosi wangu, Ansgar, husema tunachora ramani ya kitu kinachohama kila sekunde.

Jumatano ile Ansgar alikuwa amevuka kwenda bara kwa daktari wa meno. Nilikuwa peke yangu kwenye kibanda cha uwanjani. Upepo ulitoka kusini-mashariki, yaani ulikuwa unakuja kwa kuuruka Hesten. Saa tano na dakika tano simu ikalia. Alikuwa Oddlaug, jirani wa Mama. Akaniambia, “Solrun, mama yako kaanguka jikoni. Mdomo umepinda, hasemi. Nimeshapiga simu ya dharura.” Nikamwambia nakuja. Akanijibu, “Uje ufanye nini? Mimi ninaye. Wewe kaa hapo uangalie huo upepo wako, helikopta inakuja huko huko kwako.”

Baada ya robo saa gari la wagonjwa la kijiji likafika, likaegesha karibu na goli. Kutoka dirishani kwangu ni hatua mia moja. Mlango wa nyuma ulifunguliwa mara moja, nikaona blanketi la Mama, lile la buluu, na mkono wa Oddlaug juu yake. Kisha upepo ukaupiga mlango ukajifunga, wakaamua kuuacha hivyo.

Sjur akaniita kwenye redio. Alikuwa ameisimamisha helikopta nyuma ya kisiwa kidogo cha Lyngholmen, ambako mlima haumfikii. Akasema, “Sheria inataka uzishushe zote, naijua. Shusha mbili. Ile ya katikati iache, nikianza kuja utaishusha. Nikianza, dakika nne nipo kwako. Mimi huku sioni kitu, wewe ndiwe jicho langu.”

Nikazishusha mbili. Ile ya mita mia ilikuwa inapigana. Kwenye skrini upepo ulisomeka mita kumi na nane kwa sekunde, na kabla sijavuta pumzi ukageuka ukatokea upande wa pili. Droni ilizama, ikapanda, ikazama tena. Nikamwambia Sjur kwamba hewa inajipindua, asije. Akajibu kwamba anasubiri, ana mafuta ya kusubiri dakika ishirini na tano. Hakuuliza mgonjwa ni nani, nami sikumwambia.

Nilikaa na redio mkono mmoja, mwingine kwenye rimoti ya droni. Oddlaug alishuka garini akaja akikimbia, koti limejaa upepo, akasimama mlangoni bila kuingia. “Anakuja au haji?” Nikamwambia bado. Akasema, “Bado mpaka lini? Mama yako ananiangalia mimi, Solrun, na mimi sina la kumwambia.” Akarudi garini.

Saa tano na dakika arobaini na saba hivi, ile droni ikakamatwa. Sina neno lingine. Ilishuka mita sitini kwa muda usiofika sekunde tatu, ikapigwa mwambani. Kishindo nilikisikia ndani ya kibanda. Nikamwambia Sjur nimepoteza droni. Akasema, “Pole. Basi narudi. Waambie waandae boti.” Boti ya uokoaji ilichukua saa mbili na dakika arobaini kutufikia tu, kabla ya safari ya hospitali. Hospitali walisema dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ina muda wake, na muda ulikuwa umepita. Haya unayajua.

Kaka, hapo juu kuna kitu nimekiruka. Nilikiruka pia kwenye taarifa niliyompa Ansgar.

Kabla droni haijapigwa, upepo ulitulia. Ulitulia dakika sita. Utulivu ulianza pale tu Oddlaug alipofunga mlango wa gari. Tarakimu zikashuka, kumi na mbili, saba, tano. Droni ikasimama wima kama kikombe mezani. Sjur akaniuliza, “Vipi huko sasa?” Nikaangalia skrini, inasema tano. Nikabonyeza redio nikasema, “Bado, inapiga.” Baada ya dakika mbili akauliza tena, kwa sauti ya mtu anayesihi. Nikasema bado.

Nilimdanganya. Ningetaka kukuandikia kwamba nilipima nikaamua, lakini nilichokuwa nacho ni hofu na wiki tisa za kumbukumbu. Nimeona utulivu wa namna ile chini ya Hesten mara nyingi. Mara nyingine hudumu dakika mbili, mara nyingine dakika ishirini, na hakuna mtu, si mimi wala Ansgar, anayeweza kukuambia ni upi. Kama ningemwambia Sjur ni tano, najua angekuja. Angekuja kwa mgonjwa yeyote; naye Mama anamjua, amekula samaki mezani kwake. Kwa hiyo sikumpa nafasi ya kuchagua. Nilichagua mimi, mama yangu akiwa hatua mia moja kutoka nilipo, na nilijua ni yeye.

Nimehesabu mara nyingi. Dakika nne za kuja, kisha kumpakia mgonjwa, kisha kuruka. Upepo uliporudi wangekuwa wametua. Labda wangesubiri chini, na upepo ungetulia tena, na Mama leo angekuwa anafuma kwa mikono miwili. Labda Sjur angechelewa kuanza kwa dakika mbili, na ile helikopta ingekuwa pale pale ambapo droni yangu ilikuwa. Tarakimu ninazo zote, na hazinijibu.

Kwa hiyo Sjur hakuogopa kitu. Aligeuza kwa sababu mimi nilisema bado. Kwenye taarifa yake ameandika kwamba uamuzi ulikuwa wake peke yake, wala hajui kuhusu zile dakika sita. Kesho asubuhi nitaenda kwa Ansgar na kumbukumbu kamili, kisha nitamtafuta Sjur. Karatasi ya vipimo nimeiweka humu ndani. Mstari uliozungushiwa wino ndio wenyewe.

Mama nilimwambia juzi, kabla yako. Nilikaa upande wake wa kushoto nikamweleza yote, hata neno “bado” na mara ngapi nililisema. Alinisikiliza akiangalia dirisha. Nilipomaliza akaanza kutafuta neno. Alilitafuta muda mrefu, jasho likamtoka juu ya mdomo, nami nikajiandaa kwa lolote. Akasema, “Wangapi?” Sikuelewa. Akakunja uso kwa hasira, akaonyesha juu kwa kidole, akarudia, “Wangapi?” Ndipo nikajua anauliza mle ndani ya helikopta walikuwa watu wangapi. Nikamwambia watatu, Mama. Rubani, daktari na mwokozi. Akafumba macho. Nilidhani amelala, lakini aliushika mkono wangu kwa ule wa kushoto na hakuuachia mpaka chakula kilipoletwa.

Sikuandikii hilo ili nawe unisamehe. Yeye ni yeye na wewe ni wewe, nawe ulikuwa mbali ukisubiri simu, ambayo najua ni kazi ngumu kuliko yangu. Ukitaka kunyamaza muda, nyamaza. Ukitaka kuja kunitukana uso kwa uso, chumba chako nimekitandika.

Nisalimie wifi, na watoto uwabusu. Mama anasema umletee jibini ya kahawia, ile ya mbuzi, maana ya hospitali haina ladha. Na ule waraka wa malalamiko, ukiona bado unafaa kupelekwa, upeleke. Lakini futa jina la Sjur. Langu unajua linavyoandikwa.

Ni mimi mdogo wako,
Solrun