Kwa Mi-sun, Aliyerudi Korea Akawa Mganga

Wifi yangu mpendwa,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kikorea sikijui, na wewe Kiswahili ulikijua. Ulijifunza ukubwani, hapa hapa London, ili uongee na mama yetu aliyeko Tanga kwenye simu bila kumsubiri kaka yangu Hamisi akutafsirie. Herufi ya "f" ilikushinda mpaka mwisho. Uliniita "wipi", na Hamisi akicheka ulimchapa kwa kitambaa cha jikoni. Barua hii naiacha wazi watu wetu waisome. Wengi waliuliza mke wa Hamisi alikwenda wapi, nasi tuliwajibu juu juu tu.

Mlikutana kwenye darasa la jioni la Kiingereza, miaka ya tisini mwanzoni. Wewe ulikuwa unaosha vyombo kwenye mgahawa wa Wakorea New Malden, Hamisi alikuwa fundi kwenye gereji ya mabasi. Baba yako, kule Incheon, alikasirika uliposema unaolewa na Mwafrika, akaacha kuongea nawe. Alifariki ghafla wakati umekaribia kujifungua, na daktari akakukataza kupanda ndege. Hukumzika. Mtoto alipozaliwa mkamwita Hana, na mama yetu akapiga simu kulalamika. "Hana? Hana nini huyo mtoto?" Ukamweleza taratibu kwamba kwenu neno hilo maana yake ni "moja". Mama akasema haya, mwiteni, lakini huku mtaani watanicheka.

Hana alipoanza shule ya chekechea ndipo ulipoanza kuumwa. Kwanza usingizi ulikukimbia. Halafu ukawa unapata homa ambayo kipimo hakikuiona. Ukaanza kumtengea baba yako chakula mezani, ukisema anakuja kutoka mbali na miguu yake imelowa. Hamisi alikuwa akikaa mbele ya kile kiti kitupu, anakula.

Siku moja tulikwenda Edgware Road kununua vitu vya Idi, tukaingia mkahawa mmoja wa Waarabu tupumzike. Meza ya pili alikuwepo mama mmoja wa makamo, amevaa baibui, yuko peke yake. Uliinuka ukamwendea, ukamshika mkono, ukamwambia kwa Kiingereza chako: "Mwanao anasema hasikii tena baridi." Yule mama aliweka kikombe chini akaanza kulia. Nilimwomba radhi nikakuvuta mpaka nje. Nilikuuliza, "Unamjua?" Ukasema, "Simjui. Mtoto ndiye aliyekuja kwangu."

Ulilazwa. Madaktari waliupa ugonjwa wako jina, wakakupa dawa, na siwezi kusema walikosea, maana ulilala. Lakini mikono ilikuwa inatetemeka, ulimi ulikuwa mzito, na Hana alipokuonyesha picha aliyoichora uliitazama kama ukuta. Mama yako akaja kutoka Korea. Mwanamke mdogo wa umbo, hana maneno mengi. Alikaa nawe wiki moja, kisha akamwambia Hamisi kwamba amempata mganga. Wenyewe wanamwita mudang. Mganga huyo wa kike alikuwa amekuja London kumtembelea mwanawe anayefanya kazi hapa.

Hamisi alinipigia simu nikiwa kazini, kwenye nyumba ya wazee Queensbury. "Zainabu, mimi ni Muislamu. Hayo mambo nayaingiaje?" Nikampigia mama Tanga nikamweleza yote: ngoma, meza ya wafu, kichwa cha nguruwe. Mama hakushangaa kama nilivyotegemea. Alikulia kwenye mtaa uliokuwa na ngoma za pepo. Alisema, "Mgonjwa ni wenu. Kaeni naye. Huyo nguruwe msile." Yule mudang mwenyewe hakukwambia uache dawa. Alisema dawa ni ya mwili, yeye anashughulika na waliousonga mwili huo.

Ilifanyika mchana, kwenye ukumbi wa nyuma wa mgahawa ulikokuwa ukiosha vyombo, siku ambayo mgahawa unafungwa. Meza ilijaa matunda, mikate ya mchele na samaki wakavu. Mzee mmoja alipiga ngoma yenye kiuno chembamba, mwingine upatu. Mudang aliruka na kuzunguka, akabadilisha majoho, la bluu, jekundu, jeupe, na alivyokuwa mtu mzima nilishangaa pumzi anaipata wapi. Mke wa mwenye mgahawa alisimama karibu yangu akinitafsiria sikioni.

Kisha mudang akasimama ghafla. Mabega yakamshuka, sauti ikawa nzito ya kiume, akaomba sigara. Nilimwona mama yako akifunika mdomo. Baba yako alikuwa amekuja, au ndivyo wote mle ndani walivyoamini, na kwa muda ule hata mimi.

"Kwa nini hukuja kunizika?"

"Nilikuwa na mimba, Baba."

"Mimba iko wapi?"

Hamisi, ambaye tangu mwanzo alikuwa amesimama karibu na mlango, alimbeba Hana akampeleka mbele. Mudang alimshika mtoto kichwa, halafu akainua macho kumtazama Hamisi juu mpaka chini. "Hukuniambia kama ni mrefu hivi," akasema, na watu wakacheka huku wanafuta machozi. Wewe ulilia. Ulikuwa hujalia tangu siku ya habari ya msiba. Ulilia ukiwa umeshika pindo la joho lake, ukisema maneno ambayo mke wa mwenye mgahawa hakunitafsiria, nami sikumuuliza.

Mwisho walitandaza kitambaa cheupe kirefu. Mimi na Hamisi tukashika upande mmoja, mama yako upande wa pili. Mudang akapita katikati akikichana kwa kifua chake, ndiyo njia ya marehemu kwenda zake. Sauti ya kile kitambaa kikichanika bado ninayo. Ulilala pale pale sakafuni, kichwa kwenye mapaja yangu, na uso wako ukarudi kuwa uso wako.

Tulipata karibu mwaka mzima. Ulirudi kazini. Ulikuja kwangu ukajifunza kupika pilau, ukaiharibu, tukaila. Lakini mudang alikuwa amesema jambo kabla hajaondoka, na mama yako alimsihi alirudishe kinywani. Alisema baba ameondoka, ila wengine wako mlangoni, na hawatakuacha mpaka ukubali kuwa mganga kama yeye. Baadaye nilifahamu kwa nini mama yako alimsihi vile. Kule kwenu watu humwendea mganga wakiwa na shida, na shida ikiisha hawataki hata jirani ajue wanamfahamu. Hakuna mzazi anayemtakia mwanawe maisha hayo.

Ugonjwa uliporudi ulirudi na nguvu. Ulilazwa tena, ukatoka, ukalazwa. Nakumbuka mazungumzo yetu jikoni kwako, umekaa unamenya vitunguu saumu.

"Na dawa je?" nilikuuliza.

"Dawa inafunga mlango, wipi. Lakini na mimi nimo ndani."

"Na Hana?"

Uliendelea kumenya. "Nikikaa, ataniona naumwa kila siku. Nikienda, hataniona. Wewe ungechagua lipi?"

Nikavuta kiti, nikamenya nawe.

Siku ya safari ya kurudi Korea, ulikokwenda kufundwa uganga, ulimsuka Hana nywele kabla hajaenda shule. Hamisi alikupeleka Heathrow, akarudi akalala na viatu. Kwa miaka hiyo yote hakuoa tena. Mimi nilihamia New Malden, karibu nao, nikawa namchukua Hana shuleni. Jumapili ulipiga simu, na sauti yako ilizidi kuwa nzuri kila mwezi. Hilo ndilo lililotuumiza, Mi-sun. Tungekuona unaumwa kule tungesema ulidanganywa. Lakini ulipona. Hamisi na Hana walipokuja kukutembelea walikukuta umenawiri, unacheka, nyumba imejaa watu wenye wagonjwa wao, unawahangaikia tangu asubuhi. Hana alikaa pembeni ya ukumbi akikutazama unavyowashika wageni mikono. Aliporudi aliniambia, "Shangazi, anawasikiliza sana." Akaingia chumbani akafunga mlango.

Tulidhani mtakuwa na muda wa kuyazungumza akishakua. Ukapata saratani ya tumbo, ukatuficha, na siku mama yako alipopiga simu ulikuwa umeshafariki na mwili wako umeshachomwa moto, kama ilivyo desturi yenu. Hamisi hakukuzika. Tulisoma dua nyumbani, majirani wakaja, na mama yako kule akaita mudang mwingine akufungulie njia.

Alipiga simu tena shughuli ilipokwisha, akamtaka Hana. Hana anajua Kikorea, alisoma kwenye shule yao ya Jumamosi. Alisikiliza muda mrefu akiwa amesimama, akajibu neno moja, akakata simu.

"Bibi anasema Mama alikuja," akaniambia. "Aliongea."

"Alisema nini?"

"Aliuliza kama nimekula."

"Ukamjibu nini?"

"Nimesema nimekula."

Sahani yake ya wali ilikuwa mezani, haijaguswa tangu mchana. Nikaipasha moto, nikakaa naye. Alikula yote, polepole, huku analia, na mimi sikumwambia anyamaze.

Sijui uliko unapokea barua za namna gani. Sijui kama niliyemsikia siku ile ukumbini alikuwa baba yako, wala kama aliyekuja juzi ulikuwa wewe. Najua tu kwamba mwanao amekuwa mkubwa, na ana njia yako ya kumtazama mtu anayesema naye. Mara nyingine naiogopa. Nakaa karibu naye.

Pumzika, Mi-sun. Umehudumia watu vya kutosha.

Mimi wifi yako,
Zainabu