Kigelegele cha Shangazi Mastura

Mama, shikamoo. Wewe na Siti mkirudi kutoka shambani, msimwamshe Shangazi Mastura. Amelala kwa heshima zote anazostahili. Uji wake nimeufunika jikoni. Mimi nimepeleka baiskeli kwa fundi, gurudumu la mbele limepinda.

Msishtuke, sote tu wazima. Asubuhi nilimpakia shangazi nyuma, tukitoka Kivinje, nami nimeshika kushoto kama Serikali ya Malkia inavyoagiza. Mara lori la korosho likatujia upande wetu. Dereva alikuwa amemgeukia utingo wake, wanacheka. Nilipiga kengele mpaka kidole kikaniuma, hakusikia. Ndipo shangazi akapiga kigelegele, kile cha kumtoa bibi harusi ndani. Na nani katika Kilwa nzima atasikia kigelegele asigeuke kutazama? Dereva aligeuka, akatuona, akakata usukani. Sisi tukaangukia majanini.

Dereva akashuka mbio. "Mama, kwani harusi iko wapi?"

"Ungeongeza soga kidogo ungekuta matanga," shangazi akamjibu, huku anakung'uta buibui lake.

Siti, usimcheke akichechemea. Mchue mguu kwa mafuta ya nazi.

~~Mwambieni sitampakia tena, ni mzito.~~ Hilo nimelifuta. Mwambieni baiskeli ikipona nitampeleka popote atakapo, hata Miteja, na penye mlima sitamwomba ashuke.

Mwanao, niliye hai kwa rehema ya Mungu na koo la shangazi,
Tawakali