Tarehe za Kikohozi cha Jokha

Birmingham
Jumapili, 16 Machi 2025

Kakangu Azizi,

Assalaam alaykum. Natumai Ramadhani inakwenda vyema hapo nyumbani na goti la wifi Zainab limepoa. Mimi ni mzima. Nafuturu kazini kwa wazee ninaowatunza mtaa wa Harborne, nimesimama, tende mkono huu na kijiko cha uji wa bibi mkono wa pili.

Kwanza la kukuchekesha. Wazoa taka wa mji huu wamegoma. Hapa mtaani kwetu Bordesley Green mifuko imefika madirishani, na panya wanatembea mchana kama wenye nyumba. Nakuletea picha. Mwenye kilemba ni Charanjit, jirani yangu Singasinga, amesimama mbele ya lundo kama bwana harusi. Mwanamke aliyeziba pua ni mimi. Charanjit alisema, "Wapelekee kwenu, nao waone Ulaya."

Sasa la Jokha. Tangu chekechea ifunguliwe Januari napiga simu kila jioni, na mtoto akikohoa naandika katika shajara yangu. Jana nimezipanga tarehe. Ni siku kumi na tano, na hakuna Jumamosi wala Jumapili hata moja. Kaka, mwanangu ana miaka minne. Jaa la taka liko nyuma ya ukuta wa darasa lake, na nyinyi mnakaa mbali, kule juu kwenye upepo safi. Pikipiki inampitisha chekechea mbili nzuri kabla ya kumfikisha hapo penye moshi. Mtoe, tafadhali. Ningekuwa na njia ya kumleta huku nisingekusumbua, lakini viza zetu sisi tunaolea wazee haziruhusu tena kuleta mtoto, nawe unalijua hilo.

Nisalimie wote.

Dada yako,
Shemsa


Nyumbani
Jumatano, 2 Aprili 2025

Dadangu Shemsa,

Wa alaykum salaam, na Idi njema ingawa imepita bila wewe. Wifi yako anatembea bila fimbo. Jokha alivaa gauni ulilomtumia, akalala nalo, akaamka nalo. Picha yako imetuvunja mbavu. Nimeiweka kwenye kundi la simu la wadi, na watu wamecheka siku mbili.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Ngoja nikueleze mambo yalivyo, kama ninavyoyaona kutoka viti vyetu vya upinzani katika bunge la kaunti, ambako tuko kumi na mmoja mbele ya ishirini na watatu. Chekechea ile ilijengwa pale kwa sababu ardhi ilikuwa ya bure, na kwa sababu kina mama wanaochambua plastiki jaani hawakuwa na pa kuwaacha watoto. Idara ya watoto ikajenga, gavana akakata utepe. Idara ya mazingira nayo haina gari la kuzoa, kwa hiyo inalichoma jaa kila asubuhi, saa ile ile watoto wanapoimba. Ukiwauliza wa watoto, wanakwambia moshi ni kazi ya mazingira. Ukiwauliza wa mazingira, wanakwambia watoto si wao. Kila idara ina sera yake, ina kitabu chenye jalada la kupendeza. Nimevisoma vyote viwili, na mtoto anayekohoa hayumo.

Hoja yangu itajadiliwa tarehe 22: moto uzimwe, jaa lihamishwe.

Kumtoa Jokha sasa siwezi. Wakati wa kampeni nilisimama pale pale jaani nikawaambia kina mama, mtoto wa nyumbani kwangu atakaa darasa moja na wenu. Kwa neno hilo walinichagua. Nikimtoa leo, Makungu, kiongozi wa walio wengi, atasimama aseme mheshimiwa ameokoa wa kwake. Hoja itakuwa imekufa kabla ya kusomwa.

Niletee tarehe zako zote. Sina daktari wa kunitolea ushahidi wala mashine ya kupima hewa. Nina shajara yako.

Kaka yako,
Azizi


Birmingham
Jumapili, 13 Aprili 2025

Kakangu Azizi,

Natumai hujambo wewe na wa nyumbani. Hapa baridi inapungua, mifuko haipungui.

Tarehe ni hizi, nimezinakili kama zilivyo. Januari: 14, 15, 23, 28. Februari: 4, 6, 12, 13, 20, 26. Machi: 4, 5, 11, 12, 13, 20, 25. Tarehe 12 Februari wifi alimkalisha kitandani hadi alfajiri kwa sababu akilala anabanwa kifua. Tangu wafunge shule tarehe 4 mwezi huu, siku tisa, hajakohoa hata mara moja. Jana aliniimbia wimbo mzima kwenye simu bila kukata pumzi. Liseme na hilo.

Nakupa hizi kwa sharti. Hoja ipite isipite, shule ikifunguliwa tarehe 28 Jokha asirudi pale. Niahidi kwa simu leo jioni, nami nitaandika kwamba umeahidi.

Dada yako,
Shemsa


Nyumbani
Alhamisi, 24 Aprili 2025

Dadangu Shemsa,

Sisi tu wazima, Jokha anacheza. Sijui nianzie wapi.

Juzi nilisimama bungeni nikasoma tarehe moja moja. Nilipofika Februari hata wale wanaosinzia walikuwa macho. Nikasema kuhusu likizo na wimbo. Nikadhani tumeshinda.

Makungu akainuka taratibu, simu mkononi. "Mheshimiwa Spika, mwenzangu ametuletea kikohozi kutoka Birmingham. Nami naomba niwaonyeshe Birmingham yenyewe." Picha yako, Shemsa. Akaipitisha kiti kwa kiti. "Huyu aliyeziba pua ndiye daktari wake. Anakaa juu ya taka, anatufundisha usafi!" Mmoja akapaza sauti, "Aje tumwajiri, ana uzoefu!" Mwingine, "Na huyo mwenye kilemba ni bwana afya?" Spika mwenyewe alificha uso nyuma ya karatasi. Hata wa upande wetu walicheka, nikawaona.

Picha ile aliipata kwenye kundi la wadi. Niliiweka mimi.

Hoja haikupigiwa kura. Imeahirishwa hadi Juni, na Spika ameagiza kamati ya mazingira na ile ya watoto zikae pamoja kwa mara ya kwanza. Hilo si dogo. Lakini wiki ijayo macho yote yatakuwa kwangu, kuona Jokha atakwenda wapi. Nakuomba unifungue na ahadi yangu. Nipe hadi Juni tu.

Kaka yako,
Azizi


Birmingham
Jumapili, 27 Aprili 2025

Kaka Azizi,

Natumai mmeamka salama. Nimepiga simu mara sita tangu jana, hupokei, na wifi anasema umempa amri asiingilie.

Kuchekwa mimi si kitu. Waache wacheke. Lakini kesho shule inafunguliwa, na nimeandika hapa, Jumapili tarehe 13, saa moja na nusu jioni: Kaka ameahidi. Sikufungui. Mpeleke kwa shangazi Asmahan, au mkalishe nyumbani tu, chekechea si lazima.

Watu wa wadi yako, elfu ngapi sijui, wana mwakilishi. Jokha hana. Baba yake kafa, mama yake anawaosha wazee wa watu. Ana wewe.

Dada yako,
Shemsa


Nyumbani
Jumapili, 29 Juni 2025

Dadangu Shemsa,

Salamu zangu sijui kama utazipokea. Najua wifi yako alikupigia baada ya Jokha kutoka hospitali na kwamba tangu hapo huongei nami. Ni haki yako kusikia yote kwangu.

Tarehe 28 Aprili nilimrudisha. Nilimpeleka mwenyewe, nikamshika mkono mbele ya kina mama, na mmoja alilia akaniombea dua. Tarehe 11 Juni mwalimu aliniita, midomo ya mtoto ilikuwa imebadilika rangi. Alikaa siku tano kwenye oksijeni. Daktari anasema ni pumu, na kifua kimeumia zaidi ya alivyotarajia kwa umri wake. Sikukwambia, na kila jioni ulipopiga tulisema amelala, kwa sababu hoja ilikuwa tarehe 17, na nilitaka nikupe habari mbili pamoja.

Hoja ilipita, Shemsa. Ilipita bila kura ya kupinga. Ila Makungu aliifanyia marekebisho dakika ya mwisho. Alisimama kwa huzuni, akasoma tarehe zako zile zile kwa sauti nzuri kuliko yangu, akasema mheshimiwa ametufumbua macho. Akaomba maneno "jaa lihamishwe" yafutwe, mahali pake paandikwe "chekechea ifungwe kwa usalama wa watoto". Ni nani angesimama kupinga usalama wa watoto? Nami niliinua mkono.

Jengo limepewa idara ya mazingira liwe ghala la majembe. Watoto zaidi ya mia hawana pa kwenda, kwa hiyo mama zao wanakwenda nao kazini. Wamewatandikia magunia pale pale juu ya jaa, upande usiovuma upepo, na upepo ukigeuka wanawahamisha. Moto unawashwa kila asubuhi kama kawaida. Jana nilikwenda kuwaona. Yule aliyeniombea dua aliniuliza, "Mheshimiwa, tulikukosea nini?"

Nitakata rufaa. Naandaa waraka kwa bunge la seneti.

Kaka yako,
Azizi


Birmingham
Jumapili, 17 Agosti 2025

Azizi,

Nisalimie wifi Zainab. Mwambie nashukuru kwa kumfungia Jokha nguo zake vizuri.

Kama unavyojua, shangazi Asmahan alikuja kumchukua tarehe 2 mwezi huu kwa maagizo yangu. Dawa ya kuvuta anapewa asubuhi na jioni. Kukimbia amekatazwa. Kwenye simu anasema maneno matatu, anapumzika, anasema mengine matatu. Naziandika simu hizo lakini sizipangi tena, kwa sababu siku zote sasa zinafanana, Jumapili na Jumatatu ni moja. Likizo niliyoomba kazini wamenipa Novemba, siku kumi.

Sikulaumu peke yako. Tarehe nilizikusanya mimi, nikakupa mimi. Ile Jumapili ya mwisho ya Aprili ningempigia shangazi badala ya kukuandikia wewe, Jokha asingerudi pale. Sikumpigia. Niliona haya watu wasiseme dada wa mheshimiwa hamwamini kaka yake.

Nimesikia waraka wako wa seneti uko tayari, na kwamba jina la mwanangu limo ukurasa wa kwanza. Lifute.

Mama Jokha