Tanzia ya Shangazi Aliye Hai

Shangazi yangu Yustina, uliye juu mlimani Vidunda,

Siku hizi nikipita stendi ya Mikumi naitwa Mama Tanzia. Walianza waendesha bodaboda, wakafuata wauza matunda, na sasa hata mpishi mwenzangu pale hotelini akitaka chumvi husema, "Mama Tanzia, nisogezee hiyo." Namsogezea. Nitafanyaje? Jina nimejitafutia mwenyewe. Nakuandikia hadharani kwa sababu aibu niliyokupa ilikuwa ya hadharani, na simu yako huko juu haipatikani, au inapatikana ila si kwangu.

Unakumbuka siku nilipokuja kwako Kilosa kukuambia nimeanza masomo ya jioni? Ulikuwa uani unapepeta mchele. Ukaniuliza nasomea nini, nikasema kutengeneza tovuti. "Ndiyo mdudu gani huyo?" Nikakueleza kwamba ni kama ubao wa matangazo wa kanisani, ila huu unasomwa popote penye simu. Ulicheka mpaka mchele ukaruka nje ya ungo. "Makubwa! Mie nilidhani ushonaji. Haya, soma mwanangu, ila uangalie unachobandika." Kisha ukaingia ndani ukavaa kile kitenge cha harusi ya Anjela, ukajipaka mafuta usoni, ukakaa kitini na kuniamuru nikupige picha ya kujifunzia, tena nisikukate miguu.

Picha hiyo ndiyo niliyoitumia.

Hujawahi kunipa nafasi ya kukueleza ilivyokuwa, na sikulaumu. Darasa letu ni chumba kilicho nyuma ya duka la madaftari, na wengi ni vijana waliomaliza kidato cha nne juzi juzi. Mie ndiye mkubwa wao, vidole vimezoea mwiko, nikitafuta herufi moja wenzangu wameshafika mwisho wa mstari. Mwalimu alitaka kila mtu atengeneze ukurasa wa kitu ambacho watu wa kwetu wanakihitaji kweli. Wengine wakafanya safari za mbugani, mmoja akafanya saluni. Mie nikajiona mjanja. Nani asiyehitaji tanzia? Msiba ukitokea kwetu habari inafika nusunusu, mara jina limekosewa, mara siku ya mazishi haijulikani. Nikasema nitatengeneza ukurasa wa tanzia uliokamilika, wenye picha na ramani ya kufika msibani. Ilihitajika picha ya mfano. Nikapekua simu, na iliyopendeza ilikuwa yako tu. Nikakuweka katikati, nikakuzungushia maua, nikaandika kwamba umetutoka.

Jamani, shangazi! Wala sikuwaza kifo. Nilikuwa nahangaika na rangi ya maua.

Chini kabisa niliandika kwamba huu ni mfano wa kujifunzia. Niliandika kwa herufi ndogo za kijivu, maana mwalimu alitufundisha kwamba maneno ya chini yasishindane na ya juu. Lakini nani kwetu anayesoma tanzia mpaka chini? Mtu akiona picha na jina, tayari ameshika kichwa. Nikauweka ukurasa hewani, nikatuma linki kwenye kundi la darasa ili mwalimu asahihishe, nikafungia simu kabatini na kuingia jikoni kukaanga kuku wa wageni. Msichana mmoja wa darasani, ambaye mama yake ni jirani yako, naye hakusoma mpaka chini, akamtumia mama yake linki hiyo na pole juu. Kuku hawajaiva, Kilosa inalia.

Kwako hakupiga mtu, maana nani anaipigia simu ya marehemu? Walinipigia mimi, na simu inalia peke yake kabatini. Kwa kuwa tanzia ilitoka Mikumi, kila mtu akaamini umefia kwangu na mwili utatokea huku. Kumbe wewe uko Tindiga, umekwenda kuvuna mpunga. Baba mdogo akaja kutoka Masanze na kuni na mchele. Wanawake wakatandika mikeka uani kwako. Mtani wetu Mzee Sefu, yule ambaye babu yake aliletwa kutoka Unyamwezi kukata mkonge, akajilaza mlangoni akisema haondoki mpaka apewe jogoo, kwa sababu marehemu alikuwa mchoyo na alimnyima supu.

Ndipo ukatokea. Watu walikimbia, benchi likapinduka, mwanakwaya mmoja akaruka ua wa jirani na kanga ikabaki kwenye miiba. Mzee Sefu peke yake hakuinuka. "Rudi ulikotoka, Yustina! Ubwabwa umeshaiva, hatuumwagi!" Watu wakacheka huku wanalia. Wewe hukucheka.

Nilipotoka jikoni na kupokea simu ndipo nikajua; nilifika jioni na basi, nimevaa aproni bado. Nikakukuta umekaa mkekani katikati ya waombolezaji wako, nao wanakula. Nikapiga goti. "Shikamoo, shangazi." Ulinitazama, halafu ukasema, "Kawape watu maji ya kunawa, wametoka mbali." Marahaba hukuitikia.

Wewe, shangazi! Wewe uliyenifundisha salamu kwa kunishika kidevu. Nilipokuwa mdogo nikitoka shule na njaa, nikirusha shikamoo huku natafuta sufuria, ulikuwa unanirudisha getini. "Salamu haitupwi kama ganda la ndizi. Rudi uanze upya." Nilirudi nikalia, nikaja tena, na uliponiitikia uliitikia kwa sauti nene, kama mtu anayepokea mzigo. Siku ile nilishika birika nikanawisha watu mikono mmoja mmoja, na kila aliyenyoosha mkono alinitazama usoni. Ningeomba ardhi ipasuke, lakini nani angewanawisha waliobaki?

Walikufariji kwamba aliyezushiwa kifo huishi sana. Baadaye ukafunga nguo, ukapanda basi kwenda kwa kaka yako Vidunda. Basi hilo husimama Mikumi, abiria wakanunua machungwa, na muuza machungwa alikuja kuniambia alikuona dirishani. Kutoka stendi hadi jikoni kwangu unafika hata kitunguu hakijaungua. Hukushuka. Nilikaa chini kwenye gunia la mkaa nikalia, wageni wakasubiri chakula chao.

Ukurasa nimeshaufuta. Kabla ya kuufuta niliusoma, na hapo nikaona aibu nyingine. Nilikuwa nimeandika kwamba ulikuwa mama mpendwa, mcheshi, mwenye upendo kwa wote. Maneno hayo niliyatoa kwenye tanzia za watu nisiowajua. Wewe uliyenivusha maji ya mto Mkondoa yalipofurika, sare zangu zikiwa kichwani mwako na mimi mgongoni. Wewe unayemtukana jogoo kwa Kividunda na kumwomba Mungu kwa Kiswahili. Hata neno lako moja halikuwamo. Darasani sijarudi. Mwalimu ameniulizia, nami namwambia jikoni kuna kazi.

Juzi Mzee Sefu alipita hapa Mikumi, nikampa supu, asije akasema na mimi mchoyo. Akanywa, akaweka bakuli chini. Halafu akaniambia kitu ambacho siku ya msiba hakukisema. Alisema ulipofika kwenye kona na kusikia vilio kwako, uliangusha mzigo na mpunga ukamwagika barabarani. Ulikuja mbio, viatu umeacha nyuma, unaita, "Pina! Pina wangu! Mmemleta? Yuko wapi mwanangu?"

Shangazi, hukuuliza nani amekufa. Watu walikuwa wanakukimbia wewe, na wewe ulikuwa unaikimbilia maiti yangu. Ulikuta picha yako kwenye simu za watu, ukaambiwa aliyeiweka ni Pina, yuko mzima, anakaanga kuku. Sasa najua kwa nini marahaba ilikwama. Mimi nisingeitikia mwaka mzima.

Nikamwambia Mzee Sefu naona haya hata kuutazama mlima. Akasema, "Haya zako ubebe, kupanda utapanda. Kazi ya mtani ni kuingia palipofungwa. Nitatangulia kumwambia nimefuata jogoo wangu." Basi Jumapili tunakuja, tutapitia Kidodi na kupanda kwa miguu. Sileti simu ya kukuonyesha kitu. Naleta mpunga, kuufidia ule uliomwagika, ingawa najua hautoshi.

Nitabisha hodi, nitapiga goti. Ukinyamaza sitakasirika, wala sitamwomba Mzee Sefu anisemee. Nitainuka, nitarudi mpaka mwanzo wa njia, na nitaanza upya.

Shikamoo, shangazi.

Mwanao,
Pina