Maji ya Mtaa Mzima

Dada yangu mpendwa,

Hatujambo kiasi. Wifi yako anasema gauni ulilomtumia linambana, lakini kulivua hataki.

Bomba kuu la mtaa wa Mama tumelibadilisha bila kuchimbua barabara. Tulichimba shimo moja kila mwisho, mashine ikavuta bomba jipya ndani ya lile kuukuu, likalipasua na kukaa mahali pake. Hata maua ya jirani hayakutikisika.

Ikabaki kuziunganisha nyumba upya, moja moja, kwa kufuata ramani. Nyumba ya Mama haimo. Si unakumbuka marehemu Baba alivyojiunganishia maji mwenyewe, kimyakimya? Msimamizi akaniuliza, "Fundi, kuna nyumba tumeiruka?" Nikaona haya mbele ya wenzangu, nikasema hakuna. Nikajiambia nitakuja Jumamosi peke yangu.

Umeniuliza mara mbili Mama alianguka vipi, nami nikakujibu habari za mvua. Alianguka Ijumaa, akitoka kwa jirani na ndoo ya maji. Hakuwa amenilalamikia, alidhani zamu yake bado. Nyonga imevunjika, na daktari anasema hatatembea tena.

Wodini anawaambia wauguzi, "Huyu mwanangu ndiye aliyeleta maji mtaa mzima." Mimi naangalia sakafu.

Jumamosi niliunganisha kama nilivyopanga. Maji yanatoka kwa nguvu, na nyumbani hakuna mtu wa kuyafungulia.

Ni mimi mdogo wako. Utotoni ulinifichia makosa mengi; hili usinifichie.