Gitaa Nililolifukiza Udi

Alhamisi, adhuhuri imeshaswaliwa. Joto la kukaanga, upepo hakuna.

Mlikuwa wapi? Hebu niambieni. Nimekaa hapa nikisema peke yangu kama mwenda wazimu, nikija kutazama hakuna aliyepita, hakuna hata wa kuacha salamu. Na wewe hasa, uliyeniandikia, "Nyanya, nitakuja kila wiki nione gitaa limefika wapi," kisha ukapotea kama sindano. Mtu akikaribishwa kwa watu huaga akiondoka. Haya, ingia, tafuta pa kuketi. Nyumba imejaa na mimi sina subira.

Leo nina balaa, na wa kumwambia ni nyinyi.

Kwa asiyenijua: mimi ni nyanya yake Rukia, naketi Mji wa Kale, shule sikuingia. Chuoni nilikwenda, nikasoma Kurani, basi. Hapa mtandaoni mimi hunena, simu huandika, na Rukia hunyoosha palipopinda. Leo anayenyoosha ni mamake, Khadija, mkaza mwanangu, kwa sababu haya ninayoyasema Rukia hatakiwi kuyajua kabla ya jioni.

Gitaa limebanduka.

Lenyewe ni la Rukia. Alilinunua, akalipia na masomo ya kwenye simu, akang'ang'ana nalo mpaka vidole vikamuuma, akalitundika ukutani. Nikawa nalitazama kila nikipita. Siku moja nikamwambia, nifungulie huyo mwalimu wako nimwone. Alicheka mpaka akakaa chini.

Mwalimu ni kijana wa bara, asema mbio mbio. Lakini nikigusa kioo ananyamaza, nikigusa tena anarudia, wala hanuni. Mwanadamu gani mwingine ananifanyia hivyo? Khadija alidhani nitashindwa na michoro. Mwalimu huchora nyuzi, akaweka nukta pale pa kubonyeza vidole. Mimi nukta nazijua tangu utoto, kwenye herufi za chuoni, moja juu, mbili chini, tatu juu. Nilizisoma kabla Rukia hajainuka kwenye kiti. Mikao mitatu ya vidole ninayo. Wa nne kidole changu kidogo hakiufikii, nimeachana nao. Nyuzi nimezipa majina. Ule mnene kabisa nauita Bwana Mkubwa, hunguruma na hakuna alichosema. Ule mwembamba ni Wifi, ukimgusa vibaya mtaa mzima utajua.

Sasa sikizeni. Rukia anaolewa kesho, baada ya swala ya Ijumaa, na jioni anachukuliwa Tanga. Leo ndiyo siku yake ya hina. Wiki zilizopita alinijia jikoni akaniambia, "Nyanya, watu wataleta ngoma na maspika. Mimi nataka ule wimbo ulionilalishia. Na gitaa. Mbele ya watu."

Nilimlea mimi. Mamake alikuwa akifanya kazi kwa watu wa malori kule Shimanzi, akitoka na giza akirudi na giza, na huyu mtoto hakulala popote ila hapa kifuani pangu. Nikamwambia nitapiga. Babake ni mtu wa msikiti. Alisikia, akakuna ndevu, akasema, "Mama, iwe ndani, wanawake watupu, na simu za picha zisiingie." Nikamwambia, "Na wewe usisimame kwenye ngazi kusikiliza." Akacheka, akaenda zake.

Kwa hivyo tatizo halikutoka kwa mtu. Nimelileta mwenyewe, kwa mikono yangu.

Jana nilikuwa nafukiza nguo za bi harusi. Chetezo na makaa yake chini, udi juu ya makaa, kitenga juu ya chetezo, nguo juu ya kitenga, moshi unapanda taratibu. Nikalitazama lile gitaa. Lanuka mbao na vumbi! Nikaona haya. Kitu kitakaa mbele ya wageni, ubavuni mwa bi harusi anayenukia, nacho kinanuka kama dawati? Nikalilaza juu ya kitenga, tumbo chini. Nikatia udi ule mzuri, sikubania. Nikaenda kutazama mahamri.

Niliporudi lilikuwa linanukia kupita bi harusi. Na kile kibao cha chini, kinachoshika nyuzi, kimeinuka kwa nyuma, karata ingepita. Gundi imelegea kwa moto, na nyuzi zinakivuta.

Nikamfungua mwalimu. Kumbe analo somo la kutunza gitaa, la mwanzo kabisa, mimi nililiruka nikitaka kufika kwenye kupiga. Asema usiliache juani, usiliweke karibu na jiko. Chetezo hakukitaja. Simlaumu, kwao nani afukiza gitaa?

Nikamwita Khadija, nikafunga mlango.

"Mama, umelifukiza gitaa?"

"Nimelifukiza."

"Gitaa?"

"Khadija, ukiuliza tena nakufukiza wewe."

Tukalifunga kanga, tukalipeleka Bondeni kwa fundi wa vitanda. Akatoa nyuzi, akapiga msasa pale palipobanduka mpaka rangi ikatoka, akatia gundi, akabana kwa vibano. Kisha akanitazama. "Bi mkubwa, hili lisitiwe nyuzi mpaka Ijumaa usiku."

"Ijumaa usiku ninayempigia atakuwa njiani."

"Ukikaza kabla yake, kibao kitaruka kikupige usoni."

"Uso huu umeshapigwa na mengi," nikamwambia, nikachukua gitaa langu na vibano vyake. Lakini mguu ulikuwa mzito kurudi nyumbani.

Ndilo hili hapa kitandani kwangu. Nje ya mlango wanawake wamejaa. Mpaka hina, yule wa kumchora maua, ameshafika. Bi Zuhura naye, nyanya yake bwana harusi, amekuja mapema na mdomo wake. Nimemsikia akisema kwa sauti ya kunifikia, "Mwenzetu ameweka tasbihi ameshika gitaa."

Nikamjibu huku huku ndani, "Tasbihi i mkono wa kulia, Bi Zuhura. Wa kushoto ulikuwa hauna kazi."

Walicheka. Mimi sikucheka.

Zuhura simwogopi. Ninachokiogopa nitakisema mara moja tu, na Khadija asikifute. Tangu siku ya harusi ipangwe, mimi na Rukia hatujazungumza habari ya kuondoka kwake. Tumezungumza mashuka. Tumezungumza sahani, na pazia, na kama Tanga kuna tui zuri. Nikifungua mdomo nimwambie lile lenyewe, najikuta namwuliza kama amekula. Wimbo ule ndio maneno yangu. Nikiukosa leo, ataondoka na mimi sijamwambia kitu.

Nikisubiri gundi, nimemkosa. Nikikaza nyuzi, huenda nikavunja gitaa mbele ya wakwe.

Alasiri inaadhiniwa. Naswali, kisha nafungua vibano.

*

Ijumaa, asubuhi. Rasharasha imepita, ngazi zimelowa.

Nililitia nyuzi.

Zile mbili nene niliziacha, zinavuta sana. Nikatia nne, nikawa nazungusha kigingi kidogo, nasikiliza, kidogo, nasikiliza. Mbao ilikuwa inalia ndani kwa ndani kama mlango wa mtu anayetoroka. Kuna mshale kwenye simu unaogeuka kijani uzi ukifika pake. Haukugeuka. Kila nikikaribia, kibao kinalia, nami narudi nyuma. Mwisho nikauzima mshale. Nikatoka nalo.

Rukia alikuwa amekaa juu ya busati, mito nyuma, mikono ameinyoosha mbele kama mtu anayepokea kitu. Hina mbichi mpaka kwenye viwiko, maua juu ya maua. Mpaka hina alikuwa amalizia kidole cha mwisho. Nilipoketi mbele yake ngoma ikanyamaza. Bi Zuhura akakunja mikono.

Nikaanza. Mkao wa kwanza, wa pili, nikarudi wa kwanza. Sauti yangu ikashika njia. *Lala, mlango nishaufunga, anobisha ni upepo.* Rukia akafumba macho. Ubeti wa kwanza ulitoka salama, nikamwona Khadija pale mlangoni akipumua. Nikaingia wa pili.

Ta!

Kama kidole kinavyolia kikivutwa. Kibao kimeinuka. Nyuzi zikaanza kuvuma kama nzi ndani ya chupa, nami vidole vikaganda. Sikukumbuka mkao hata mmoja. Walimu wote wa simu za dunia wasingenisaidia.

"Ndiyo imekwisha?" akauliza Bi Zuhura.

Rukia akafumbua macho. "Nini, nyanya?"

"Limebanduka." Uongo ningeutoa wapi? "Nililifukiza udi jana, linukie kama wewe. Gundi ikayeyuka."

Kuna walioangua kicheko. Mmoja akasema, "Amelifukiza! Jamani, amelifukiza!" na kicheko kikazunguka chumba. Rukia hakucheka. Alikuwa anakitazama kile kibao.

"Kikishikwa je?"

Hakungoja jibu. Akainama mbele na ule mkono wa kulia, wenye hina ya kudondoka, akaulaza pale pale juu ya kibao, akakandamiza.

Mpaka hina akapiga ukelele. "Kazi yangu! Mwanamke, kazi yangu!" Khadija naye, "Rukia, una wazimu?"

"Piga, nyanya," Rukia akasema. "Piga upesi, kinanisukuma."

Nikapiga.

Sauti ilikuwa nzito, imezibwa, kama mtu anayeimba na mto mdomoni. Vidole vyangu vilikuwa vinapita karibu na vyake, nikichapa uzi namgusa ukucha. Hakunitazama, nami sikumtazama, sote tulikuwa tunatazama ule mkono. Maua yote yalikuwa yamekuwa tope. Machozi yalikuwa yanamtoka, yanashuka, yanafika kidevuni, na hana wa kuyafuta, mkono mmoja unashika gitaa na wa pili hina haijakauka. Nikafika ubeti wa mwisho. Nikauimba wote. Sikuruka neno.

Nikamaliza. Nikamwona Bi Zuhura anainuka, nami nikajiweka tayari, nimeshalipanga la kumjibu. Akanipita. Akachukua pindo la leso yake, akamfuta Rukia macho, kisha mashavu, kisha pua, kama unavyomfuta mtoto wako mwenyewe.

Akamgeukia mpaka hina. "Wewe unatazama nini? Osha, upake tena. Bwana harusi akiuliza, ataambiwa ndio mtindo wa sasa."

Hapo ndipo vigelegele vilipopanda. Nilikaa na gitaa langu bovu mapajani, nikashindwa kuinuka, mpaka Khadija akanishika kwapani.

Hina ile haikutoka. Waliosha, wakapaka tena, lakini kiganja kile kimebaki chekundu chote, na maua mapya juu yake yanaonekana kwa shida. Mpaka hina ameondoka hana raha. Rukia ameniambia anakipenda hivyo hivyo, na simjui kwa uongo.

Na pale kwenye gitaa, fundi alipopiga msasa rangi ikatoka, mbao ilikuwa tupu. Jana palikuwa na alama ya rangi ya machungwa. Asubuhi hii nimeitazama, imekolea. Kiganja kizima, na vidole vinne, na kile kidole gumba kimekaa upande kama anavyokiweka tangu mdogo. Khadija asema fundi akilirudia gundi, apige na msasa pale pawe safi. Nimemwambia fundi akilete hicho kipande chake cha msasa karibu na hapo, tutajuana.

Wanaume wanavaa kanzu, wanatafutana viatu, wanakwenda msikitini. Mwanangu amepita mlangoni kwangu, akasimama, akasema, "Mama, ubeti wa pili ulikuwa mzuri." Nikamwuliza ameujuaje. Akaondoka haraka.

Juu namsikia Rukia anaomba pini. Mara ya pili hii anaomba, na pini ziko hapa kwangu. Sijampelekea. Nikishapanda zile ngazi itakuwa kumvisha, na tukishamvisha itakuwa kumtoa.

Basi, napanda. Mtoto hawezi kungoja kwa ajili ya magoti yangu.

Na wewe, usinipotee tena. Lakini ukirudi, usiingie kwa upole wa msibani, na usiniulize kama nimelia. Niulize nimefika somo la ngapi, kisha unyamaze nikupigie.