Saini ya Zeinab

Riyadh, Jumapili 14 Januari 2024

Kwa Mjomba Hashim,

Shikamoo mjomba. Mimi mzima wa afya, ila usingizi umenipungua. Magoti yako je, na ile ngazi ya nyumba yako ya Balad unaipanda bado bila kupumzika? Nakuandikia karatasi kwa sababu msimu huu wa mbio simu zetu zinashikwa getini wiki nzima. Barua atakuletea Timothy, dereva wa lori la farasi.

Ijumaa Barqan, farasi ninayemtunza, ambaye kila mtu alijua atashinda, alifika wa mwisho. Mjomba, saa sita mchana nilimkuta bandani mdomo wa chini umening'inia na macho yamelegea. Nikamtoa damu vichupa viwili, kama daktari wetu alivyonifundisha: kimoja cha maabara, cha pili akiba. Nikamwambia bosi, yule Mwingereza Dominic anayeendesha banda, kwamba farasi huyu asikimbie. Akasema amelala vibaya tu. Cha maabara nilimkabidhi yeye, na maabara wanasema hawajakiona. Hapa kamari mafi, hairuhusiwi, lakini wapo watu ng'ambo wanaocheza kamari juu ya mbio zetu kwa mtandao, na nina hakika kuna aliyefurahi Barqan aliposhindwa.

Jana bosi aliniita ofisini, akanipa ukurasa wa Kiarabu. Akasema ni maelezo ya kawaida kwa kamati ya mbio. "Wewe si unasoma Kiarabu? Yalla, saini, halas." Nami nikajiona. Nilisoma mistari miwili kwa sauti mbele yake, kwa madda na ghunna zote za kusoma Kurani nilizofunzwa chuoni Lamu, kisha nikasaini. Velma, karani wetu kutoka Kisumu, alipiga makofi: "Haki, huyu ni sheikh!"

Bosi amenipa tiketi ya Mombasa ya Alhamisi, eti nikapumzike. Velma amenipigia fotokopi ya ile karatasi. Nimeiambatisha. Nisomee, mjomba.

Mpwa wako,
Zeinab


Jeddah, Jumanne 16 Januari 2024

Zeinab mwanangu,

Marahaba. Magoti yanalalamika, ngazi inapandwa. Nimekusomea, na sipambi neno:

"Mimi, Zeinab binti Omar, nakiri kwa hiari yangu kwamba nilimdunga farasi Barqan dawa ya kumlegeza asubuhi ya mbio, bila meneja wala daktari kujua. Karatasi hii nimeisoma mwenyewe na kuielewa."

Tumelelewa hivyo, mama. Mtoto wa Lamu anahitimu juzuu thelathini bila kujua kuomba maji kwa lugha hiyo. Tunatamka vizuri hata wenyewe wanadanganyika, na sisi tunaona haya kusema hatukuelewa. Mimi mwenyewe nilifika hapa nikisoma hivyo hivyo. Maana nilijifunza kwenye bandari, kutoka kwenye hati za mizigo, na nilichelewa kidogo. Mwaka 1987 nilisaini kwamba makasha kumi na mawili yameingia ghalani. Yaliingia tisa, na yale matatu nilidaiwa mimi.

Panda ndege. Najua tiketi hiyo ni mtego, kwamba ukiondoka watasema umekimbia. Waache waseme. Heri jina lichafuke Riyadh nawe uko kwa mama yako, kuliko uwe ndani ya chumba chenye mlango wa chuma huku jina likiwa safi. Mimi sikubishana, na niko hai.

Mjomba wako,
Hashim


Riyadh, Ijumaa 19 Januari 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo, na nisamehe kabla hujafika mwisho. Nakuombea afya. Tarehe umeiona: ndege imeondoka, mimi nipo.

Kichupa cha pili ninacho. Kiko kwenye friji ya bweni letu, lakiri haijaguswa, ni ya zile alizotuachia daktari akiwa amezisaini kabla hajasafiri. Nimekificha nyuma ya sukuma wiki za Velma. Alipokiona alipiga yowe: "Zeinab! Damu ya farasi na mboga zangu? Sisi tunakula hapa!" Nilipomweleza akasogeza mboga zake mbele zaidi, kikafichika kabisa.

Mjomba, unasema hukubishana na uko hai. Ndiyo. Na tangu hapo unawaandikia wahamiaji wa mtaa wa Ghulail barua za malalamiko, nzuri kuliko za mawakili, na hata moja haina jina lako. Mimi sikumdunga yule farasi. Wa kuondoka ni aliyemdunga.

Kamati inanisikiliza tarehe 31. Niandikie barua yao kwa Kiarabu. Ukiogopa, usisaini.

Mpwa wako mkaidi,
Zeinab


Jeddah, Jumapili 21 Januari 2024

Zeinab,

Salamu, na afya yangu usiiulizie leo. Umenichoma, na umenichoma pahali pake.

Barua hii hapa. Nimeeleza kichupa, lakiri, tiketi, na kwamba hujui Kiarabu. Chini nimeweka jina langu mpaka la babu, nambari ya ikama yangu ya ukaazi, nyumba na mtaa. Kafili, mdhamini wangu hapa, alipopata habari alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kiti changu bila kukaribishwa. "Hashim, mambo ya farasi ni ya wakubwa. Ikama yako inaisha Mei." Nikamwambia nina miaka sabini na minne, na mimi pia naisha, sijui mwezi gani. Akaondoka bila kumaliza kahawa.

Kuna bahasha ya pili, nimeifunga kwa gundi. Usiifungue. Mpe mwenyekiti mkononi. Katika barua nimemwomba akwambie uisome kwa sauti. Isome kama ulivyosoma siku ile, bila haraka, na usiniulize kitu.

Mjomba wako,
Hashim bin Abubakar bin Shee


Riyadh, Ijumaa 2 Februari 2024

Mjomba wangu Hashim bin Abubakar bin Shee,

Shikamoo mara mia, na mara moja ya hasira. Natumai uko mzima, maana nikija Jeddah nina neno nawe.

Juzi mbele ya kamati Dominic alisema kwamba nasoma Kiarabu kama imamu, na kwamba Velma ni shahidi. Velma akasema ni kweli, na akainamisha kichwa. Barua yako walikuwa wameshaisoma; ndipo nikatoa bahasha ya pili. Mwenyekiti aliifungua, akaisoma kimya, akakohoa, akanirudishia na kuniashiria nisome. Nikasimama. Nikasoma kwa madda zote. Nikaona mmoja wao ameziba uso kwa kilemba chake, nikadhani maneno yamemliza, nikazidi kuvuta sauti. Nilipomaliza mwenyekiti akauliza kupitia mkalimani: "Unakubali yaliyoandikwa?" Nikajibu: "Nakubali kila neno. Ameandika mjomba wangu, naye hasemi uongo."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mkalimani alinitafsiria huku akifuta machozi: kwamba mimi, Zeinab, nimeiba ngamia saba wa mwenyekiti, nimewapandisha ghorofa ya tatu, na mmoja wao sasa hivi yuko jikoni kwangu ananipikia biriani. Mjomba! Mbele ya wazee wale!

Kisha kicheko kikaisha. Mwenyekiti aliweka karatasi yako ubavuni mwa ile ya Dominic, akamwuliza nani alinitafsiria kabla sijasaini. Dominic akasema ninajisomea mwenyewe. "Ndiyo," akasema mzee, "tumesikia."

Kichupa kilipelekwa maabara siku ile ile, na jana tuliitwa tena. Dawa imo. Ufunguo wa kabati la dawa wanao daktari na Dominic tu, na daktari wiki ile alikuwa Dammam. Maelezo yangu yamefutwa. Dominic amenyang'anywa kitambulisho cha bandani, na kesi imekwenda polisi.

Karani wao alinisogezea hukumu, kurasa nne za Kiarabu, na kalamu. "Halas, dada, umeshinda. Saini hapa kwamba umepokea." Nikasema: kwanza nitafsirie. Akasema ni kawaida tu. Nikasema, tangu mstari wa kwanza, na tarehe pia. Akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akamwonyesha karani kiti kando yangu.

Ilituchukua dakika arobaini. Dominic alisimama muda wote.

Mpwa wako,
Zeinab binti Omar